"Dawa Haikumkubali": Hadithi ya Jeni Moja, Kidonge Kimoja na Haraka Yetu

Mwaka jana nilitoa mada kwenye moja ya semina zetu za Jumamosi, zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuingia na kukaa. Nilizungumzia dawa za uraibu wa pombe, na kwa nini zinamsaidia huyu na kumwacha yule. Nilikuwa na slaidi moja niliyoipenda kuliko zote: nguzo nne, moja ikiwa imewapita wenzake kwa mbali. Ujumbe wake ulikuwa mwepesi kabisa. Herufi moja tu kwenye jeni moja ndiyo inayoamua kama kidonge cha naltreksoni kitakufaa au la. Watu waliipiga picha kwa simu, na mimi nikajisikia vizuri.

Baada ya semina akanifuata mama mmoja. "Mwanangu," akaniambia, "hicho kipimo ulichosema kinapatikana wapi?" Akanieleza habari za kijana wake wa pili. Aliandikiwa naltreksoni kwenye hospitali moja ya binafsi, akaitumia wiki tatu, halafu kwenye harusi ya rafiki yake akanywa mpaka akabebwa. Aliporudi kwa daktari akaambiwa dawa haikumkubali. Basi, ikaishia hapo. Hakupewa nyingine wala hakuulizwa kitu. Sasa mama alitaka kujua kama kipimo cha jeni kingeweza kusema ni dawa gani itamkubali.

Nikamjibu, "Mama, kipimo hicho bado hakijafika huku kwetu."

Jibu hilo lilikuwa baya. Lilimwacha aamini kwamba huko nje kuna kipimo kizuri, na kwamba shida ya mwanawe ni umbali na pesa tu. Nilipokwenda kusoma vizuri, nikakuta kwamba hadithi niliyoisimulia ilikuwa imeshaanguka miaka kadhaa kabla sijaitengenezea slaidi. Kwa hiyo makala hii ni ya kukosoa, na wa kwanza kukosolewa ni mimi. Lakini siko peke yangu. Hadithi hii bado inazunguka kwenye semina, kwenye muhtasari wa masomo na kwenye habari za sayansi, na nyuma yake kuna kosa la kufikiri ambalo ni kubwa kuliko jeni lenyewe.

Tuanze na dawa yenyewe

Ukinywa pombe, ubongo wako unaachia kemikali zake wenyewe zinazofanana na afyuni, mojawapo ikiitwa endorfini. Endorfini inakwenda kukaa kwenye vipokezi vyake, na kutoka hapo njia inafunguka mpaka kwenye dopamini, ile kemikali inayouambia ubongo "hiki ni kizuri, kirudie". Naltreksoni inaziba vipokezi hivyo. Haikufanyi utapike ukinywa, wala haikulevyi. Kazi yake ni kupunguza ile raha ya glasi ya kwanza, na kwa wengine kupunguza hamu ya glasi ya pili na ya tatu.

Mwaka 1992 majaribio mawili ya Marekani yalionesha kwamba waliomeza naltreksoni walirejea kwenye unywaji wa kupindukia mara chache kuliko waliomeza kidonge kitupu, yaani kidonge kinachofanana na dawa lakini ndani hakina dawa. Mwaka 1994 nchi hiyo ikaidhinisha dawa hii kwa ajili ya uraibu wa pombe. Shangwe zikapoa mwaka 2001, pale jaribio kubwa la wanajeshi wastaafu 627 wa Marekani lilipokosa tofauti kati ya naltreksoni na kidonge kitupu.

Leo, ukijumlisha majaribio yote, picha iko hivi: dawa inafanya kazi, ila kwa wastani msaada wake ni wa kiasi. Uchambuzi wa pamoja uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba ukiwapa naltreksoni watu 12, utazuia mmoja zaidi asirejee kwenye unywaji wa kupindukia, ukilinganisha na kidonge kitupu. Kwa akamprosati, dawa nyingine ya uraibu wa pombe, makadirio yalikuwa pia watu 12, ila hapo kilichohesabiwa ni kuzuia mtu asirudi kunywa kabisa.

Ukiambiwa "mmoja kati ya 12", swali linakuja lenyewe: huyo mmoja ni nani? Tukimjua mapema, si tutampa yeye tu na kuwaachia wengine dawa nyingine? Swali hili linaonekana la busara. Nitarudi kwake baadaye, maana ndani yake ndimo mtego ulimo.

Herufi moja

Kipokezi ambacho naltreksoni inakiziba kinatengenezwa kwa maelekezo ya jeni linaloitwa OPRM1. Kwa baadhi ya watu, herufi ya 118 ya maelekezo hayo si A bali ni G. Badiliko hilo linageuza kiungo kimoja cha protini, kile cha 40, kutoka asparajini kuwa aspartati. Mwaka 1998 watafiti waliripoti kwamba kipokezi chenye badiliko hili kinaishika endorfini kwa nguvu mara tatu hivi kuliko cha kawaida. Unaona hadithi inavyojipanga? Mwenye G anapata raha zaidi ya pombe kupitia njia hii, kwa hiyo dawa inayoziba njia hii itamfaa yeye zaidi.

Mwaka 2003 David Oslin wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walifungua tena takwimu za majaribio yaliyokwisha kufanyika. Waliangalia watu 71 wenye asili ya Ulaya waliokuwa wamepewa naltreksoni. Wenye G, asilimia 26.1 walirejea kwenye ulevi. Wasio na G, asilimia 47.9. Kwa waliopewa kidonge kitupu, jeni halikuleta tofauti.

Halafu likaja jaribio kubwa la Marekani liitwalo COMBINE, lenye watu 1,383. Mwaka 2008 ulitoka uchambuzi wake wa jeni, na huo ndio uliozaa slaidi yangu. Kwa waliopata dawa na uangalizi wa kawaida wa kitabibu tu, wenye G waliopewa naltreksoni walifanya vizuri kwa asilimia 87.1, na wenye G waliopewa kidonge kitupu asilimia 48.6. Wasio na G walikuwa asilimia 54.8 kwa dawa na 54.0 kwa kidonge kitupu. Nguzo nne, moja imewapita wenzake. Nani asingeipiga picha?

Sasa ngoja tuzisome zile namba taratibu, jambo ambalo sikulifanya nilipokuwa naandaa mada.

Asilimia 26.1 ya mwaka 2003 ni watu 6 kati ya 23. Watu ishirini na watatu tu! Kama wengine watatu wangerudi kwenye ulevi, asilimia ingekuwa 39 na hadithi ingepoteza nusu ya utamu wake. Na ile asilimia 87.1 ya COMBINE ilitoka kwenye kundi la makumi machache ya watu, kwa sababu jaribio lile kubwa lilikuwa limegawanywa katika makundi tisa, kisha likagawanywa tena kwa jeni. Kuna na hili, ambalo huwa tunalipita haraka: kwa wale waliopata na ushauri nasaha wa kina, tofauti ya jeni haikuonekana. Mimi niliweka kwenye slaidi nusu iliyonoga, nusu nyingine nikaiacha.

Kuna mchezo rahisi wa kuelewa hatari hii. Chukua watu 20, kila mmoja arushe sarafu mara kumi. Mara mbili kati ya tatu hivi ukifanya hivyo utampata angalau mtu mmoja aliyepata kichwa mara nane au zaidi. Ukimwandikia makala, "Bingwa wa vichwa apatikana", hujadanganya kuhusu kilichotokea. Ila mwambie arushe tena kumi. Mara nyingi ubingwa unaishia hapo. Ukikata takwimu za jaribio moja kwa jeni, kwa jinsia, kwa umri na kwa aina ya ushauri nasaha, umewapanga warusha sarafu wengi kwenye foleni.

Walipopima tena

Dawa ya bingwa wa sarafu ni kumwambia arushe tena mbele ya watu. Na hapa nataka kumsifu mtu. Aliyekwenda kurusha tena ni Oslin mwenyewe. Safari hii hakufungua takwimu za zamani. Kikundi chake kiliwapima watu jeni kwanza, kikahakikisha wenye G ni wengi wa kutosha, ndipo kikawagawa kwa bahati nasibu kati ya naltreksoni na kidonge kitupu kwa wiki 12. Walikuwa watu 221, na kati yao 82 wana G. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: hakuna ushahidi kwamba jeni linabadilisha matokeo ya dawa.

Mwaka 2020 ukatoka uchambuzi uliounganisha majaribio kadhaa ya namna hii. Nao haukuona kwamba G inatabiri nani atasaidiwa na naltreksoni.

Mtu anaweza kusema labda ni bahati mbaya ya jeni hili moja tu. Lakini tazama topiramati, dawa ya kifafa ambayo nayo imejaribiwa kwa wanywaji wa kupindukia. Mwaka 2014 jaribio la watu 138 lilionesha kwamba wenye aina fulani ya jeni la GRIK1 ndio waliosaidiwa. Baadaye watafiti hao hao wakaandaa jaribio jipya, wakiwapanga watu kwa jeni tangu mwanzo. Topiramati ilipunguza unywaji, ila ule mgawanyiko wa jeni haukurudi. Mwendo ni ule ule: kundi dogo, matokeo makubwa, shangwe, halafu jaribio lililopangwa vizuri linaleta ukimya.

Sisemi kwamba jeni hazina neno kwenye pombe. Zinalo sana. Watu wengi wa Asia Mashariki wana badiliko kwenye jeni la ALDH2 linalozuia mwili kuvunja sumu inayotokana na pombe. Wakinywa kidogo tu uso unawaka, moyo unakimbia, na kwa sababu hiyo hatari yao ya kuwa waraibu inapungua. Disulfiramu, dawa ya zamani kabisa katika kundi hili, inaiga hali hiyo hiyo kwa kukizuia kimeng'enya hicho. Pale herufi moja inatosha kwa sababu njia ni fupi: kimeng'enya kimoja, sumu moja, uso unawaka. Lakini kuacha pombe kunapita kwenye hamu, msongo, marafiki, mshahara, usingizi na harusi za Jumamosi. Kutegemea herufi moja ishike usukani wa yote hayo ni kuibebesha mzigo usio wake.

Kosa lililo kubwa kuliko jeni

Sasa turudi kwenye lile swali: huyo mmoja kati ya 12 ni nani?

Tuchukue mfano wa kujitungia ili hesabu iwe nyepesi. Watu 100 wamepewa kidonge kitupu, 60 wakarejea kwenye ulevi. Watu 100 wengine wamepewa dawa, 52 wakarejea. Tofauti ni watu 8, yaani mmoja kati ya 12 na ushee. Vizuri. Lakini tofauti hiyo inaweza kuwa imetoka kwenye dunia mbili zisizofanana kabisa.

Dunia ya kwanza: watu 8 wana miili inayoipokea dawa, nao wameokoka moja kwa moja. Kwa wengine 92 dawa haikufanya chochote.

Dunia ya pili: dawa imemsaidia kila mtu kidogo. Kila mmoja alikuwa na uwezekano wa asilimia 60 wa kurejea, ukashuka ukawa 52. Hakuna aliyekubaliwa wala aliyekataliwa na dawa.

Takwimu za jaribio zitakuwa zile zile kwenye dunia zote mbili. Kwa kuangalia wastani huwezi kujua uko kwenye ipi. Mwanatakwimu Stephen Senn ameandika juu ya jambo hili kwa miaka mingi, na bado tunalisahau kila tunaposema "asilimia fulani ya wagonjwa huitikia dawa". Hatujui hivyo. Tunachojua ni kwamba asilimia fulani ya waliomeza dawa walifanya vizuri. Zile ni kauli mbili tofauti. Rudi kwenye COMBINE uone: wasio na G waliopewa kidonge kitupu walifanya vizuri kwa asilimia 54. Kama wangekuwa wamemeza dawa, wangeandikwa "dawa imewakubali", wakati wangefanya vizuri hata bila dawa.

Ili kujua kama dawa inamfaa mtu huyu hasa, ingebidi umpe dawa, umwondolee, umpe tena, umwondolee tena, raundi kadhaa, bila yeye wala daktari kujua ni lini ipi. Kwa maumivu ya viungo yanayokuja kila siku inawezekana. Kwa ulevi ni kazi ngumu, kwa sababu mtu wa mwezi wa tatu si yule wa mwezi wa kwanza. Ameachwa na mke au amerudiana naye, amepata kazi au amefukuzwa. Pombe yenyewe inapanda na kushuka bila kuiuliza dawa.

Kwa hiyo kijana wa yule mama aliyelewa usiku mmoja baada ya wiki tatu za vidonge hajatupa ushahidi kwamba dawa haikumkubali. Labda kabla ya dawa alikuwa anakunywa siku tano kwa wiki, na katika wiki zile tatu alikunywa usiku mmoja tu. Hapo dawa ingekuwa imefanya kazi kuliko tulivyotegemea. Labda vidonge aliviacha siku ya pili. Labda kweli havikumsaidia. Hatujui, na daktari naye hakujua, kwa sababu hakuuliza. Neno "haikumkubali" lilifunga mlango mahali ambapo maswali yalitakiwa kuanza.

Na sisi huku?

Kuna sehemu ya slaidi yangu inayonisumbua kuliko zote. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, kama mmoja kati ya wanne hivi anabeba ile herufi G. Asia Mashariki ni wengi zaidi. Kwa watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara, G ni nadra sana, asilimia chache tu au pungufu.

Fikiria maana yake. Ukikiweka kipimo hicho Dar es Salaam au Kampala, karibu kila anayepimwa atapewa jibu moja: huna G. Kipimo kinachompa kila mtu jibu lile lile hakichambui chochote, ni kuuza karatasi. Na ubaya haukomei kwenye pesa. Ukiiamini ile slaidi neno kwa neno, kwamba wasio na G hawafaidiki na naltreksoni, hitimisho lake ni kwamba dawa hii si ya Waafrika. Nilisimama mbele ya ukumbi uliojaa watu wa hapa hapa, nikawaonesha mchoro ambao, ukiusoma kikamilifu, unawaambia wasihangaike kuitafuta dawa. Hakuna aliyeniuliza. Mimi mwenyewe sikuliona.

Hilo lina uzito kwa sababu ya wakati tulionao. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza naltreksoni na akamprosati kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa ajili ya uraibu wa pombe. Orodha hiyo ndiyo nchi nyingi huitazama zinapopanga dawa za kununua. Kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye dirisha la duka la dawa ni mambo mawili tofauti, na katikati yake kuna watu wanaoamua kama dawa hizi zinafaa kugharamiwa. Hadithi mbovu ya jeni inaweza kuwa sababu nzuri ya kusema "tusubiri".

Tofauti tunazozijua tayari

Kinachonikera zaidi ni kwamba wakati sisi tunatafuta herufi, zipo tofauti kati ya mtu na mtu ambazo zinajulikana wazi, hazihitaji maabara ya jeni, na zinabadilisha uamuzi leo hii.

Ya kwanza: je, mtu anatumia dawa yoyote ya jamii ya afyuni? Naltreksoni inaziba vipokezi hivyo hivyo. Ukimpa mtu anayetumia heroini, au aliye kwenye methadoni kama wale wanaohudumiwa na kliniki zilizoanzia Muhimbili mwaka 2011, unamtupa kwenye arosto kali. Hata anayemeza tramadoli au kodeini kwa maumivu anatakiwa kuulizwa kwanza. Ni swali la nusu dakika.

Ya pili: figo na ini. Akamprosati inatoka mwilini kupitia figo, kwa hiyo mwenye figo zilizochoka sana hapewi. Naltreksoni inahitaji tahadhari kwa mwenye ini lililoharibika vibaya. Vipimo vya kawaida vya damu vinatosha.

Ya tatu: dawa nyingine anazotumia. Disulfiramu ikikutana na metronidazo, au na isoniazidi ya kifua kikuu, inaweza kumvuruga mtu akili. Katika nchi ambazo TB iko kila mtaa, hili si jambo la pembeni.

Ya nne: anataka nini? Akamprosati inaelekea kumfaa zaidi mtu aliyekwisha kuacha na anataka asirudi. Naltreksoni inaelekea kusaidia zaidi kupunguza ule unywaji wa kupindukia. Mtu anayetaka kuacha kabisa na mtu anayetaka kupunguza hawana lengo moja, na si haki kuwapima kwa rula moja.

Ya tano, na hii ndiyo ninayoiona ya kawaida kuliko zote: je, dawa inamezwa? Naltreksoni kwa kawaida ni kidonge kimoja cha miligramu 50 kwa siku. Akamprosati ni vidonge viwili mara tatu, jumla sita, kila siku. Mtu anayeamka akitetemeka na kwenda kuzimua kabla ya chai, unategemea akumbuke vidonge sita? Ndiyo maana Marekani iliidhinisha mwaka 2006 sindano ya naltreksoni ya mara moja kwa mwezi. Kabla hujasema mwili umeikataa dawa, hakikisha dawa imefika mwilini.

Na jambo moja la usalama, maana najua makala hizi husomwa na wenye ndugu wanaokunywa: mtu anayekunywa sana kila siku asiambiwe aache ghafla peke yake chumbani. Anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa, na kuna wanaokufa. Aanzie hospitali.

Tufanye nini sisi tunaosimulia?

Ushauri wangu kwa wenzangu wanaoandaa mada ni wa kawaida kabisa. Ukiona matokeo makubwa kwenye kundi dogo, tafuta kama kuna aliyerudia, kisha oneshea watu yote mawili. Hesabu watu, usiishie kwenye asilimia: "6 kati ya 23" inamwamsha msikilizaji kuliko "asilimia 26.1". Uliza jaribio lilifanywa kwa nani, na kama walio mbele yako wamo. Na hilo neno "anayeitikia dawa", tulitumie kwa uchungu. Kwa Kiswahili tuna usemi mzuri, dawa imenikubali, na mtu akisema hivyo kuhusu nafsi yake ni haki yake. Ila mtaalamu akimwambia mgonjwa "haikukubali" baada ya usiku mmoja wa harusi, anatoa hukumu bila kesi kusikilizwa.

Slaidi ile sijaifuta. Nimeiweka ile ya nguzo nne, na mara baada yake nimeweka matokeo ya 2015. Semina ijayo zitaoneshwa pamoja.

Yule mama alishukuru kwa jibu langu, akachukua mkoba wake, akaenda kuwahi daladala. Leo ningemuuliza: kabla ya dawa kijana alikuwa anakunywa mara ngapi kwa wiki, na wiki zile tatu alikunywa mara ngapi? Vidonge alikuwa anavimeza kila siku? Kuna dawa nyingine anatumia? Yeye mwenyewe anataka kuacha kabisa au kupunguza? Ningemwambia arudi naye hospitali na majibu hayo, na waulize kuhusu naltreksoni tena au akamprosati.

Siku ile sikumuuliza hata moja. Nilimweleza habari za jeni.